Ufuo Umekabidhiwa, Je, Bajeti Nayo Imekuja?

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana hapa Mombasa, katika mfululizo wetu wa kueleza mambo yanayozuka kila mara kwenye midahalo ya kisiasa. Nimeyaacha karibu vile vile nilivyoyasema, nikayakata vipande ili yasomeke kwa simu. Kanuni yetu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunataja sheria, pesa na kazi.

1.

Ndugu zangu na dada zangu, ahsanteni kwa kuja. Mada ya leo ni ufuo wa umma. Najua kuna waliodhani tutazungumza habari ya katiba na mabilioni, sasa mnaniona nimekuja na habari ya choo, bomba la kuogea, taa na pipa la taka. Subirini kidogo. Katiba na mabilioni yote yamo ndani ya hicho choo.

Hapa Pwani, mdahalo wa uchaguzi hauishi bila mtu kuuliza kuhusu ufuo. Mama anayeuza mihogo atasimama aulize: mbona vyoo vilifungwa Idi nzima? Kijana wa maboti atauliza: mbona ikifika magharibi ni giza totoro? Mzazi atauliza: waokoaji wako wapi Mwaka Mpya, siku ambayo watu wamejaa hadi mchanga hauonekani?

Na majibu huwa matatu, yale yale, kila msimu. La kwanza: "Ule ufuo si wetu, ni wa serikali kuu." La pili: "Sisi tulishakabidhi, waulizeni kaunti." La tatu: "Nia tunayo, lakini bajeti hakuna."

Leo tuyafungue moja moja. Yote matatu yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanatuweza. Uongo mtupu ungeshatuchosha zamani.

2.

Tuanze na "si wetu."

Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inaorodhesha ardhi ya umma. Mle ndani imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Ardhi hiyo imewekwa mikononi mwa serikali kuu, inaishikilia kwa niaba ya Wakenya wote, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Bahari yenyewe na sakafu yake, hivyo hivyo. Kwa hivyo mtu akisema mchanga unaofunikwa na maji si wa kaunti, hajadanganya.

Lakini endelea kufunua mpaka kurasa za nyuma. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kipengele cha 4. Hapo zimeandikwa kazi za kaunti, na miongoni mwake ni bustani za kaunti, fuo na vituo vya burudani. Neno "fuo" limo, halikusahauliwa. Na kipengele cha 2 kinaipa kaunti kazi ya kuzoa taka.

Kwa hivyo ardhi ni ya huyu, kazi ni ya yule. Hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Fikirini nyumba ya kupanga: kuta ni za mwenye nyumba, lakini kufagia jikoni ni kazi ya anayeishi humo. Mpangaji akisimama mlangoni akatangaza "nyumba hii si yangu", amesema kweli, lakini mende hawaondoki.

Nikisikia kiongozi wa kaunti akijibu swali la choo kwa kusema ardhi si yake, najua amejibu swali ambalo hakuulizwa. Hatukuuliza hati ya ardhi. Tumeuliza nani anafungua choo saa kumi na mbili asubuhi na nani ameweka maji.

3.

Sasa tushuke Pirates, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, tuone mambo yalivyo chini.

Siku za bamvua hapa Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mama anakaanga viazi karai juu kabisa, pale pakavu. Huyo yuko kwenye kazi za kaunti: leseni ya biashara, taka, choo. Mteja wake anashuka hatua chache, anakanyaga mchanga uliolowa, tayari ameingia ardhi iliyo chini ya serikali kuu. Anakodi boya la tairi, anaingia majini. Bahari ya mbele ya Nyali na Bamburi ni eneo la hifadhi lililotangazwa mwaka 1986, na wasimamizi wake ni KWS. Akipanda boti, usalama wa chombo hicho unaangaliwa na Mamlaka ya Ubaharia, KMA. Maji machafu yakitiririka ufuoni, kuna NEMA. Wavuvi walio jirani wana kamati zao za usimamizi wa fuo, zile tunazoziita BMU.

Na Mungu apishe mbali, akizama? Kuna Walinzi wa Pwani, walioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Kuna polisi. Kuna waokoaji, wakiwapo. Lakini nyote mlioko hapa mnajua ni nani mara nyingi humfikia wa kwanza. Ni kijana wa boti, au yule anayekodisha maboya, ambaye hayuko kwenye orodha ya mishahara ya hata mmoja kati ya hao niliowataja.

Hesabu idara hizo zote, zimejaa vidole vya mkono mmoja na zaidi. Kila moja ina sheria yake na kila moja ina kitu cha kukataza. Ya kupiga mswaki choo haipo. Ndiyo maana wazo la jiji kuchukua matunzo ya ufuo, yote kwa pamoja, lina mvuto. Watu wamechoka kuulizia madirisha saba. Wanataka dirisha moja.

4.

Jibu la pili: "Tulishakabidhi."

Hapa naomba tuwe makini, kwa sababu neno hili "kukabidhi" limebeba mengi kuliko linavyosikika. Makabidhiano yaliyokamilika yana mizigo minne. Kuna kazi yenyewe, yaani sheria inasema sasa ni jukumu lako. Kuna mali: majengo, mabomba, taa, na karatasi zinazoonyesha ni vya nani. Kuna watu: anayefagia, anayelinda, anayeokoa, wamehamia kwa mwajiri gani na kwa mshahara gani. Na kuna pesa.

Kawaida yetu Kenya ni kukabidhi mzigo wa kwanza kwa hotuba na kuuacha ule wa nne njiani.

Tumeyaona. Jedwali la Sita la Katiba lilisema kazi zihamishiwe kaunti awamu kwa awamu, ndani ya kipindi kisichozidi miaka 3. Ilipofika Agosti 2013, kazi nyingi zilihamishwa kwa mkupuo mmoja. Mnakumbuka mivutano ya wahudumu wa afya kuhusu nani hasa mwajiri wao. Kazi ilikuwa imefika kaunti, watu na pesa bado wanatafutana.

Na mfano mwingine mmeuvuka asubuhi hii. Jedwali lile lile la Nne linasema feri ni kazi ya kaunti, ukiondoa udhibiti wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Lakini waliotoka Likoni leo wamevushwa na shirika la serikali kuu. Sisemi ni vibaya au vizuri. Nasema: kilichoandikwa kwenye Jedwali na kinachotembea majini ni vitu viwili, na baina yake lazima kuwe na makubaliano.

5.

Makubaliano hayo yana sheria yake. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu serikali moja kuhamishia nyingine kazi, kama huyo anayepokea ataifanya vizuri zaidi. Lakini kinaweka masharti mawili ambayo kwenye midahalo hayatajwi kabisa.

Sharti la kwanza: lazima kuwe na mpango wa kuhakikisha rasilimali za kufanyia kazi hiyo zinahama pamoja nayo. Si "zitafuata baadaye." Zinahama nayo.

Sharti la pili: hata baada ya kuhamisha, jukumu la kikatiba linabaki kwa yule aliyepewa na Jedwali la Nne. Yaani kama kazi ni ya kaunti na kaunti ikampa mwingine aifanye, kaunti bado inaulizwa. Huwezi kugawa kazi ukagawa na lawama.

Juu ya hayo, Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya mwaka 2012 inataka makubaliano ya aina hii yawe ya maandishi. Kupeana mikono mbele ya kamera si maandishi.

Nairobi walipitia kitu kama hiki, ila kwa mwelekeo wa kinyume, kutoka kaunti kwenda juu. Tarehe 25 Februari 2020 kaunti ilihamishia serikali kuu kazi 4: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za miundombinu, na mipango ya jiji. Mpango huo ukaisha mwaka 2022. Kuna walioupenda na kuna walioupeleka mahakamani. Lakini ona: ulikuwa na tarehe, ulikuwa na orodha ya kazi, ulichapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Aliyeupinga alikuwa na karatasi ya kuipinga.

Kwa hivyo mtu akikwambia "tulishakabidhi ufuo", swali ni jepesi: karatasi iko wapi? Ina tarehe gani? Imeorodhesha nini? Na shilingi ngapi?

6.

Sasa jibu la tatu: "Bajeti hakuna." Hili ndilo gumu, na hapa ndipo nawaomba msisinzie.

Pesa za kaunti zina mifuko miwili mikubwa: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Kujenga choo ni maendeleo. Sabuni, maji, balbu, rangi, mshahara wa anayekisafisha, hayo ni matumizi ya kawaida. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Ni sheria nzuri, ilitungwa ili pesa zote zisiishie mishahara na chai. Lakini ina upande wa pili: jengo jipya linahesabiwa kuwa maendeleo, balbu iliyoungua haihesabiwi. Jengo jipya lina utepe wa kukata, balbu haina.

Na pesa zikichelewa kutoka Nairobi, kama mnavyosikia kila mwaka, kinachobanwa kwanza ni yale matumizi madogo madogo. Mishahara lazima ilipwe. Kinachobaki ni kukosa dawa ya choo, kukosa dizeli ya gari la taka, na bili ya maji kulala.

Maji yenyewe ya Mombasa hayatoki Mombasa. Yanatoka Mzima kule Taita Taveta, yanatoka Baricho kule Kilifi, yanatoka Marere kule Kwale. Yanasafirishwa na shirika la serikali kuu, halafu yanauzwa kwa kampuni ya maji ya kaunti, ndiyo inayoyafikisha kwenye bomba. Kwa hivyo hata jiji likipewa choo chote, bomba lake bado limeshikwa na mikono miwili.

Halafu kuna chumvi. Mtu wa bara akijenga choo cha umma, bawaba za mlango zinakaa miaka. Weka bawaba hiyo hiyo mita 20 kutoka baharini uone. Chuma kinaliwa, nyaya za umeme zinaliwa, koki zinakwama. Upepo wa kusi unaleta mwani na mchanga mpaka mlangoni. Kitu cha ufuoni kinataka kuguswa kila wiki, na kila mwaka kitu fulani lazima kibadilishwe. Nani amekiweka hicho kwenye bajeti? Hebu chukueni mfano wa Mama Ngina Waterfront. Ilikarabatiwa na serikali kuu kwa takriban shilingi milioni 460, na Mashujaa Dei ya 2019 ikaadhimishwa pale. Shilingi ngapi zilitumika kujenga, sote tunaweza kusema. Kutunza kunahitaji shilingi ngapi kwa mwaka, na zinatoka mfuko upi? Waulizeni watu kumi mtaani. Kama yuko mmoja anayejua, nitamnunulia madafu.

Kwa hivyo "bajeti hakuna" mara nyingi maana yake ni: bajeti ya kujenga ilikuwepo, bajeti ya kutunza haikuombwa na mtu.

7.

Basi pesa za kutunza zitoke wapi?

Njia ya kwanza ni mgao kutoka serikali kuu. Katiba, Kifungu cha 203, inasema kaunti zote kwa jumla zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Lakini mgao huo tayari una kazi zake. Ukiongeza ufuo bila kuongeza pesa, umepunguza zahanati au barabara ya mtaa. Ndiyo maana lile sharti la Kifungu cha 187 lina uzito.

Njia ya pili ni mapato ya papo hapo: ada ya kuegesha magari, ada ya matamasha, mabango ya matangazo, vibanda. Kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inayotoa. Wenzetu wanafanya hivyo. Santa Monica kule California, ufuo ni mali ya jimbo, lakini mji ndio unaoutunza kwa makubaliano ya maandishi, na pesa za maegesho zinasaidia kulipia matunzo hayo.

Kwetu kuna kizingiti. Kifungu cha 207 kinasema pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizoondolewa na sheria ya Bunge. Yaani shilingi ya maegesho ya Pirates haibaki Pirates. Inapanda kwenye hazina, inachanganyika na nyingine zote, na kurudi kwake kunategemea bajeti. Mnaona sasa kwa nini ufuo unaweza kujaa magari Jumapili nzima na choo kikose sabuni Jumatatu?

Lakini kizingiti si ukuta. Hospitali za umma zilikuwa na shida hiyo hiyo. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya kuziruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na pesa vinazokusanya ili ziboreshe huduma pale pale. Na Sheria ya Usimamizi wa Fedha, kifungu cha 116, inaruhusu kaunti kuunda mfuko maalumu kwa idhini ya bunge la kaunti. Mfuko wa ufuo si ndoto. Unahitaji watu wa kuudai, na wawakilishi wadi wa kuupitisha.

8.

Sasa nije kwenye hofu, kwa sababu nikinyamaza mtasema nimelipwa.

Kuna watu, na si wachache, wanaosema: acheni ufuo ubaki na serikali kuu, kaunti ikiushika itauweka geti. Hofu hiyo haikutoka hewani. Tume ya Ndung'u iliripoti mwaka 2004 namna ardhi za umma zilivyogawiwa kinyume cha sheria nchi nzima. Hapa Pwani kila mtaa wa karibu na bahari una kichochoro ambacho wazee wanakikumbuka kilikuwa njia ya kwenda majini, leo ni ukuta.

Naielewa hofu hiyo. Lakini ona kwamba unyakuzi mwingi ulioripotiwa na tume ile ulifanyika kabla ya kaunti kuwapo. Kuwa mbali si kuwa mwaminifu. Kinacholinda ufuo ni hati, ramani iliyo wazi, na wananchi wanaojua mpaka uko wapi.

Hofu ya pili ni ada ya mlangoni, na hapa msimamo wangu hauna kona. Tuseme tu kwa mfano, mtu atozwe shilingi 50 kuingia. Familia ya watu saba kutoka Kisauni au Changamwe ni shilingi 350 kabla ya nauli, kabla ya kununua hata soda. Familia hiyo haitakuja. Na ufuo ndiyo sehemu pekee ya kupumzika ambayo maskini wa mji huu hajaulizwa risiti. Toza gari, toza tamasha, toza kampuni inayoweka bango. Usimtoze mtoto anayekwenda kuogelea.

Hofu ya tatu ni ya wafanyabiashara wenyewe. Kila ukarabati ukija, mama wa mihogo, mpiga picha, mwenye ngamia na mwenye maboya wanaambiwa wahame kwa muda. Muda huo hauna tarehe. Wakirudi, vibanda vina majina mapya. Makabidhiano yoyote ambayo hayana orodha ya waliopo sasa, kwa majina yao, na mahali watakaporudi, basi yamewakabidhi watu wengine ufuo, si jiji.

9.

Mimi nasimama wapi?

Nasimama kwa jiji kutunza. Sababu yangu ni ya kawaida kabisa: choo kikiziba Jumamosi, aliye karibu ndiye anayeweza kufika Jumamosi. Afisa aliye Nairobi, hata akiwa malaika, atapata barua Jumatano. Na kiongozi wa kaunti kura yake iko hapa hapa, anakutana na mama wa mihogo kwenye mazishi na harusi.

Lakini jiji kupokea bila pesa, bila watu na bila karatasi, hilo naliona ni baya kuliko kubaki tulivyo. Kwa sababu leo angalau tunajua kuna mvutano. Kesho tutaambiwa mvutano umekwisha, choo kitabaki kimefungwa, na hatutakuwa na wa kumuuliza: wa juu atasema nimetoa, wa chini atasema nimepewa mikono mitupu. Na siku ya Mwaka Mpya mtoto akizidiwa na maji, kati ya "nimetoa" na "sijapewa" kuna dakika chache tu, naye hana hata hizo.

10.

Kwa hivyo mdahalo ujao, naomba msiulize "mtafanya nini kuhusu ufuo?" Swali hilo ni zawadi kwa mgombea, atakuimbia dakika tano. Ulizeni haya manne:

Moja, makubaliano ya ufuo huu yameandikwa wapi, na tunaweza kuyasoma?

Mbili, waokoaji ni wangapi, wanalipwa na nani, na zamu zao siku za sikukuu zikoje?

Tatu, pesa za kutunza, si za kujenga, ni kiasi gani kwa mwaka na ziko mstari upi wa bajeti?

Nne, wanaofanya biashara pale leo, orodha yao iko kwa nani?

Na msingoje mdahalo. Kalenda ya pesa inajulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha, tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, tarehe 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Ukienda kulalamika Desemba ufuo ukiwa umejaa, bajeti ya Desemba hiyo ilishapita miezi mingi nyuma. Vikao vya ushirikishi wa umma viendeeni hata kama chai ni baridi.

Mkinyimwa karatasi, Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Asipojibu, mlalamikie kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi tunaiita Ombudsman. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Huhitaji wakili.

11.

Baada ya mazungumzo, dada mmoja aliuliza swali ambalo naliweka hapa kwa sababu wengi mmeniuliza kwa ujumbe pia. Alisema: "Kaka, sisi wa vibanda tukianza kuuliza maswali hayo, si ndio tutakuwa wa kwanza kuondolewa?"

Nilimjibu hivi. Dada yangu, hofu yako ni ya kweli, na mtu mmoja akiuliza peke yake anaonekana. Ndiyo maana barua iandikwe kwa jina la kikundi, mkiwa wengi, na nakala ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Ombi lililosajiliwa lina tarehe na lina kamati ya kulijibu. Kelele za ufuoni hazina.

Vijana wawili wa maboti walikuwa wamekaa nyuma. Walichukua yale maswali manne na kuyaandika kwa karatasi ya manila pale pale. La pili, lile la waokoaji, wakaliandika la kwanza. Sikuwasahihisha. Ombi lao la kwanza linaandikwa wiki hii, na kikundi chochote cha ufuo kinachotaka mfano wa barua, uko kwenye kipande kinachofuata. Nakilini, badilisheni jina la ufuo, pigeni muhuri.